Kutoka Tangi la Lori Hadi Jerikani ya Makina

Jumanne moja, kabla ya adhuhuri, nilisimama kando ya Barabara ya Naivasha, pale Kawangware inapojibanza baina ya maduka ya mabati na vibanda vya mitumba, nikingoja matatu ya kunifikisha Uthiru, nikaona lori la mafuta likiingia taratibu katika kituo cha petroli kilichonielekea na kujiweka tayari kuteremsha shehena yake. Utingo aliruka chini, akakokota mpira mnene mweusi, akafunua kifuniko cha chuma kilicho sawa na sakafu, akachomeka ncha moja huko na ncha ya pili kwenye tumbo la lori, akafungua koki. Dereva naye akaegemea mlango, simu sikioni, akisimulia jambo lililomchekesha sana. Koni mbili za rangi ya chungwa zilikuwa zimesimamishwa nyuma ya gurudumu, na hizo ndizo zilizokuwa dalili pekee ya kwamba panatendeka jambo lisilo la kila saa, kwa maana pikipiki ziliendelea kuingia na kutoka zikijazwa mafuta, na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa bado umefungwa kwa mkanda wake ubavuni mwa lori. Hatua zisizozidi kumi kutoka hapo, kwenye ukingo wa mtaro, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi.

Nilivuka nikanunua hindi, zaidi kwa ajili ya mazungumzo kuliko kwa njaa, nikamuuliza iwapo haoni kuwa jiko lake na lori lile vimekaribiana mno. Alipepea makaa mara mbili tatu kwa kipande cha boksi, akaligeuza hindi upande uliokuwa bado mbichi, kisha akasema, "Baba, siku zingine humtuma kijana kuniambia nisogee, nami husogea hadi kule kwa mshona viatu. Leo hakuja mtu." Akalipaka hindi ndimu na pilipili, akanipa.

Jibu lile nimelitafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyolitafuna hindi lenyewe. Mama yule hakuikana hatari wala hakuidharau. Aijua, na ajua hata mahali anapopaswa kuhamia. Alichokosa ni neno tu kutoka kwa yule aliyeshika koki, ambaye ndiye aliyekabidhiwa dhamana ya kulisema. Na hoja yangu leo ni hiyo hiyo, ijapokuwa nitaizungusha kidogo kabla sijaifikisha: kwamba katika mji huu shehena za hatari hulindwa kwa sheria nyingi na makaratasi mengi pale zinapopakiwa, walakini kadiri zinavyoteremka kutoka chombo kikubwa kuingia chombo kidogo, na kutoka mikononi mwa kampuni kuingia mikononi mwa mnyonge, ulinzi huo huzidi kupungua, hata zinapofika kwenye jerikani ya Kibera hapana tena afisa, hapana kanuni, hapana hata karatasi iliyobandikwa kusema kilichomo ni nini, ilhali sumu haikupungua ukali wala petroli haikupungua hamu yake ya moto.

Aghalabu watu huliogopa lori la mafuta linapokuwa mwendoni, nao wana haki, kwa kuwa tumezika wengi kwa sababu ya malori yaliyopinduka. Lakini lori lililofungwa sawasawa ni mfano wa sanduku lenye kufuli. Hatari yenyewe hufunguliwa pamoja na kifuniko, siku ya kupakia na siku ya kuteremsha. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, seuze katika jua la Nairobi, na mvuke huo una uzito mara tatu hadi nne ya uzito wa hewa, kwa hiyo haupai juu kama moshi wa kuni bali hutambaa chini, hufuata mtaro, huingia shimoni, hupita chini ya mlango, hutafuta bonde kama maji yanavyolitafuta. Na tangi tupu, msomaji wangu, si tupu. Limejaa mvuke, na kila lita 10,000 za petroli zinapomiminwa ndani ya tangi la chini ya ardhi, karibu kiasi kicho hicho cha hewa iliyochanganyika na mvuke hufukuzwa nje kupitia mabomba ya kupumulia, ikatoka bila rangi na bila kelele, ikateremka pale penye mtu na jiko lake. Mchanganyiko wenyewe wa kuwaka hauhitaji mvuke mwingi: sehemu moja na nusu hivi katika mia za hewa zatosha, na ukizidi sehemu nane hivi hauwaki tena, kwa sababu hewa imekuwa haba, basi baina ya viwango hivyo viwili ndipo yalipo mauti.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni umeme tuli, ule unaomshtua mtu kidoleni avuapo sweta ya sufu katika baridi ya mwezi wa Julai. Mafuta yanapokimbia ndani ya bomba hujisugua na kujikusanyia umeme huo, na yakimwagwa kutoka juu yakaanguka kama maporomoko ndani ya tangi huuzidisha, mpaka cheche moja iruke kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye chuma. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii huyapakia mafuta kutokea chini ya tangi na si kutoka juu, huyaanza kwa mwendo wa pole usiozidi mita moja kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba uzame, na kabla ya yote hayo hubana waya kwenye mwili wa lori ili umeme upate njia ya kushuka ardhini. Katika bohari za kisasa pampu yenyewe hukataa kazi ikiwa waya huo haukubanwa. Mashine haina haya wala haina jamaa. Humwambia dereva la, na dereva hana wa kumwomba.

Nawaza mara nyingi juu ya hila moja ya maumbile ambayo watu wengi hawaidhanii. Tangi lililobeba petroli jana, likabebeshwa mafuta taa leo bila kusafishwa, ni la hatari zaidi kuliko likibebeshwa petroli tena. Mvuke wa petroli uliojaa humo ni mwingi kupita kiasi cha kuwaka. Mafuta taa yanapoingia huunyonya, yakaupunguza mpaka ukashuka katika kile kiwango cha mauti nilichokitaja, na wakati uo huo mafuta taa yenyewe yanazalisha umeme tuli kwa wingi. Jambo linaloonekana kuwa la salama zaidi ndilo linaloua. Dereva aliyefundishwa hulijua hilo. Lakini je, mwenye kibanda wa Gatwekera, huko Kibera, ambaye jerikani yake ilibeba petroli ya jenereta Jumamosi na ikabeba mafuta taa ya majiko Jumapili, ni nani aliyemwita akamfundisha? Na mama anayewasha jiko la utambi kwa mafuta hayo, ambayo kikombe kimoja tu cha petroli kimeyatoa katika tabia yake ya upole, atajuaje?

Kibera ina mto wake, na sina budi kuutaja, kwa kuwa mto huo ndio unaoiunganisha Kibera na siku nyeusi kuliko zote katika habari hizi za mafuta jijini. Maji ya Motoine huingia katika Bwawa la Nairobi, chini ya vijiji vya Silanga na Lindi, yakatoka upande wa pili kwa jina la Mto Ngong, yakapita Mukuru na Eneo la Viwanda. Huko, Jumatatu ya tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka katika mitambo ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, ikaingia mtaro wa maji ya mvua, ikateremka hadi mtaa wa Sinai, Lunga Lunga, ambako watu waliiona ikipita milangoni mwao wakatoka na ndoo na karai kuichota. Moto ulipowaka uliwatwaa watu zaidi ya 100, wengine wakajitupa mtoni na mto nao ulikuwa unawaka. Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, lori lilikuwa limepinduka Sachangwan, karibu na Molo, likaua idadi kama hiyo. Na miaka minane baada ya Sinai, tarehe 10 Agosti 2019, yakawa yale yale Msamvu, Morogoro, kwa ndugu zetu wa Tanzania.

Kila mara tulipozika, kalamu za magazeti, na yangu ilikuwamo, ziliandika juu ya tamaa. Tulisema maskini amejiua kwa lita tano. Sikanushi kwamba kuchota petroli ya bure ni kucheza na kifo, lakini nimechoka na wepesi wa hukumu hiyo, kwa sababu humsahaulisha msomaji kuuliza petroli ilifikaje mtaroni, kitu gani kilikatika, nani alikuwa zamu, na kwa nini watu walikuwa wamejenga juu ya njia ya bomba ambayo kampuni yenyewe ilikiri kwamba haipasi kukaliwa. Kumlaumu mwenye karai ni rahisi, hana wakili.

Habari ya Embakasi ni mpya zaidi, nayo haina mtu wa karai wa kulaumiwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Mradi, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka ndani ya uwanja wa kujazia mitungi uliozungukwa na nyumba za watu, mpira wa moto ukaruka angani, mitungi ikatawanyika kama makombora, na bohari ya nguo iliyokuwa jirani ikateketea. Watu wakafa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Gesi hiyo, msomaji, ikiwa ndani ya tangi ni majimaji yaliyobanwa kwa nguvu. Lita moja ya maji yake ikitoka nje huwa lita 250 hivi za gesi, nzito kuliko hewa, yenye kutambaa kama petroli, na hiyo ndiyo sababu mtungi haujazwi ukafurika bali huachwa nafasi ya kupumulia, karibu sehemu 15 au 20 katika mia, ili joto likizidi maji yapate pa kupandia. Yote hayo yahitaji mizani, vali, ujuzi na uwanja ulio mbali na watu.

Tulichokuja kujua baada ya moto ni kwamba Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilikuwa imeyakataa maombi ya uwanja ule mara tatu mwaka 2023, mojawapo ya sababu ikiwa ni wingi wa watu waliouzunguka. Na kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni ambayo baadaye ilikiri kwamba haikutolewa ipasavyo, na maafisa wake wakasimamishwa kazi. Basi ofisi moja ilisema la mara tatu, ofisi nyingine ikasema naam mara moja, na naam ile moja ikawa na nguvu kuliko la tatu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama wa mahindi. Huko Embakasi pia palikuwa na watu waliokuwa tayari kusogea, au kugoma, au kupiga kelele, lau mtu angewaambia kwamba wakuu wenye ilimu wamelikataa jambo lile mara tatu. Hakuja mtu.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya malori na viwanda, na kwamba Kibera na Kawangware, ambazo vichochoro vyake havipitishi hata gari la zimamoto, hazina habari nayo. Mimi nasema kinyume chake. Lori ni mwanzo tu wa safari. Kando ya Kibera hupita Southern Bypass yenye malori ya Mombasa yaendayo Naivasha na Uganda, na katikati yake hupita reli ya kwenda Kisumu, ambako mwezi wa Desemba 2013 treni ya mizigo iliacha njia ikaangukia vibanda. Lakini si hizo tu. Mafuta taa, gesi, petroli ya jenereta, tindikali ya betri, dawa za kusafishia vyoo, magadi makali ya kutengenezea sabuni, yote hayo yaliwahi kuwa ndani ya tangi la lori au pipa la lita 200, na yote humiminwa tena, na tena, na tena, kabla hayajamfikia mtumiaji. Serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018, ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, wengi wa huku waliyaacha wakaikimbilia gesi (sitasahau jinsi jiko la maskini lilivyotozwa faini kwa dhambi ya mwenye lori), na wasioweza kununua mtungi mzima wa kilo sita wakawaendea wale wanaojaza nyuma ya nyumba. Nimeuona uwanja mmoja wa namna hiyo, sitasema wapi: mtungi mkubwa umepinduliwa kichwa chini juu ya fremu ya mbao, mpira umefungwa kwa waya, na mtungi mdogo umelazwa ndani ya beseni la maji baridi, mizani haikuwapo, na mjazaji alijua kwamba umejaa kwa kuusikiliza.

Makina, huko huko Kibera, kwa Wanubi, nimewahi kukaa mara kadhaa barazani mwa mama mmoja mtengenezaji wa sabuni ya maji, mwanamke wa heshima zake, hodari wa hesabu, ambaye biashara yake imewasomesha watoto wanne. Hununua ungeroli ya kutoa povu, asidi ya salfoniki, magadi makali na rangi kutoka kwa muuzaji wa mjini, naye muuzaji huyo humpimia kutoka katika mapipa ambayo nayo yamejazwa kutoka katika mapipa. Huzileta Kibera kwa pikipiki, ndani ya jerikani za manjano ambazo zamani zilikuwa za mafuta ya kupikia na bado zina picha ya alizeti. Kando yake huuza pia dawa nyeupe ya kufulia na asidi ya kusafishia vyoo. Jerikani zote ni sawa kwa rangi, kwa umbo na kwa picha. Nilimwuliza huzitambuaje. Akanionyesha kwenye mkono wa kila jerikani: iliyo na asidi imefungwa uzi mwekundu wa sufu, isiyo na asidi haina uzi. "Uzi huu, mwanangu, ndio barua yangu," akasema. "Mimi kusoma vibandiko vyao siwezi, vimeandikwa Kiingereza na namba."

Namba alizozitaja zina maana yake. Kwenye malori ya barabara kuu hubandikwa kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine: 33 juu na 1203 chini ni petroli, 30 na 1223 ni mafuta taa, 23 na 1075 ni gesi ya kupikia, na 80 ikiwa juu maana yake ni kitu chenye kula ngozi na macho. Ni lugha ya hekima, imekubaliwa na mataifa, inasomwa na wazimamoto wa Mombasa kama inavyosomwa na wa Rotterdam. Ila hukoma kwenye lori. Kitu kinapotoka katika lori huacha jina lake nyuma, kikaingia mtaani kama mtu asiye na kitambulisho, na uzi wa mama wa Makina ndio jaribio pekee nililoliona la kukirudishia jina.

Wala asicheke mtu akasema ni ujinga wa mtaa wa mabanda. Tarehe 6 Julai 1988, huko Camelford, Cornwall, Uingereza, dereva wa lori aliyekuwa akishika zamu ya mwenziwe aliizuru mitambo ya kusafishia maji isiyokuwa na mtu, akiwa na ufunguo uliofungua kufuli nyingi za mamlaka ile ya maji na maelezo ya mdomo tu kuhusu tangi lilipo, akamwaga tani 20 za salfati ya alumini katika tangi lisilo lake, na maji ya watu 20,000 yakaharibika. Na tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison, Kansas, Marekani, lori la tindikali ya salfuriki liliunganishwa na bomba la tangi la dawa nyeupe, kwa kuwa midomo ya mabomba ilikaribiana na kufanana na ule usiostahili haukuwa umefungwa. Vitu viwili hivyo vilipokutana vilitoa gesi ya klorini, wingu la kijani likauenea mji, na watu zaidi ya 140 wakatafuta matibabu. Dawa nyeupe na asidi. Ndizo hizo hizo mbili zilizokaa bega kwa bega barazani Makina, zimetenganishwa na uzi.

Tofauti baina ya Atchison na Makina ni kwamba kule, baada ya maafa, palikuja wachunguzi wa serikali wakaandika kitabu kizima, wakasema midomo ya mabomba ifanyiwe maumbo tofauti ili mpira wa tindikali ukatae kuingia katika bomba la dawa nyeupe hata mtu akikosea, na kila mdomo uwe na kufuli na jina lake. Sina haja ya kusubiri maafa ili niombe mambo hayo hayo kwa kipimo chetu. Tumekwisha kuona hapa hapa kwamba yawezekana: kampuni ya KOKO ilipoanza kuuza ethanoli ya kupikia Nairobi mwaka 2019, malori madogo yaliipeleka mpaka kwenye mashine zilizowekwa madukani, na mteja alijaziwa chombo maalumu kilichonasa katika mashine, kisichomwaga tone wala kutoa mvuke. Hakuna aliyehutubiwa juu ya tahadhari. Chombo chenyewe kiliibeba tahadhari, kama ile pampu isiyokubali kazi bila waya.

Basi naitaka EPRA, pamoja na serikali ya kaunti na idara ya usalama kazini, zifuate kilicho hatari mpaka chombo chake cha mwisho. Muuzaji wa jumla anayempimia mama wa Makina asidi katika jerikani ya alizeti ndiye wa kushikwa kwanza, kwa kuwa yeye ana duka, ana leseni na ana uwezo wa kununua chombo chekundu chenye kifuniko cha aina yake na maandishi ya Kiswahili yanayosema ASIDI, USICHANGANYE NA DAWA YA KUFULIA. Mama wa Makina afundishwe, asifungiwe. Kituo cha petroli kinachoteremsha mafuta kifunge pampu zake kwa muda huo, na kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzunguka na kuwaambia majirani, mwenye jiko na mwenye mashine ya kuchomelea, wasogee, na akikosa kuwaambia kituo kitozwe faini hata kama hapakuwaka kitu, maana kungoja moto utoe hukumu ni kuufanya moto kuwa hakimu. Na gesi ya nusu mtungi iuzwe kihalali, mahali penye mizani, karibu na watu wanaoihitaji lakini si chini ya vitanda vyao. Nimeambiwa na bwana mmoja wa biashara hii kwamba gharama zitapanda, na maskini ndiye atakayeumia. Huenda. Lakini gharama ile ipo sasa, ila haimo katika bei: yalipwa katika wodi ya waliochomeka, na wanaoilipa ni wale wale.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena Makina, baada ya sala ya alasiri. Mama hakuwapo, alikwenda kumwona mgonjwa Kisumu Ndogo, na binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeketi barazani akiwapimia wateja kwa kikombe cha plastiki. Nilitazama mikono ya jerikani kwa mazoea. Mbili zilikuwa na uzi mwekundu, na ya tatu, iliyoletwa asubuhi ile, ilikuwa na uzi wa kijani. Nilimwuliza kijani ni nini.

"Ni nyekundu pia, mjomba," akasema. "Nyekundu iliisha dukani."